Kumbukumbu ya mradi: joto la mwili kama bei ya uchawi

Katika mchezo wa dadu ninaoubuni, wenye wachawi na askari, tangu kumbukumbu iliyopita nimeachana na ule mpangilio wa moto kushinda barafu na barafu kushinda upepo, kwa sababu husawazisha wachawi kwa wachawi tu na kumwacha mwenye mkuki akiwa mtazamaji. Ninaloshughulikia sasa ni kujua mchawi analipa nini anapotumia nguvu zake, na kama malipo hayo yanaweza kuwekwa kwenye mizani moja na upinde na upanga.

Nimechagua joto la mwili. Katika ulimwengu huu uchawi hauumbi kitu, bali huhamisha joto kutoka kwa mchawi hadi kwenye kile anachokiona, na katika kila hatua kumi za umbali nusu ya joto hilo hupotea njiani. Mengine yote ni fizikia ya kawaida. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzi 20 za Selsiasi hadi 100 kunahitaji nishati ya takriban kilojuli 335 (kilojuli moja ni juli 1,000), na mwili wa kilo 70 ukitoa kiasi hicho hupoa kwa nyuzi 1.4 hivi. Kwa kuwa binadamu huingia hatarini joto lake likishuka chini ya nyuzi 35, mchawi aliyechemsha lita moja atabaki amesimama huku akitetemeka, lakini ya pili itamvuruga akili na mikono.

Uchawi wa kusukuma vitu nimeupiga marufuku kabisa. Mshale wa upinde mzito hubeba juli 100 hivi, maana yake ni kwamba kwa gharama ya ile lita moja ya maji mchawi angeweza kurusha misumari zaidi ya 3,000 yenye nguvu ya mshale, na hapo hakuna jeshi lolote ambalo lingemlisha mpiga upinde.

Baada ya sheria hizo mbili, silaha zilianza kujipanga zenyewe, na hii ndiyo sehemu iliyonipa raha kuliko zote. Kupasha upanga wa kilo 1.3 hadi nyuzi 70, joto ambalo kiganja kitupu hakilivumilii, hugharimu kilojuli 32 au 33 tu, kwa hiyo hakuna askari mwenye akili atakayeshika mpini wa chuma usiovishwa mbao na ngozi. Mkuki, ambao mti wake hupitisha joto polepole mno, umekuwa silaha ya kwanza dhidi ya wachawi, na ni silaha ambayo hata mkulima anaimudu. Deraya, yaani vazi la chuma la vitani, nilidhani ingekuwa tanuri la kumwoka aliyeivaa, kumbe uzito wake ndio kinga: kupandisha joto la deraya ya kilo 20 kwa nyuzi 30 kunamla mchawi zaidi ya nyuzi moja ya mwili wake, hata akiwa karibu kabisa. Kofia ya chuma ya kilo 2 ni rahisi mara kumi, kwa hiyo huko ndiko wachawi wangu wanakolenga.

Upinde una bei ya aina nyingine. Pinde zilizoopolewa kutoka Mary Rose, meli ya kivita ya Uingereza iliyozama mwaka 1545, zinakadiriwa kuhitaji mvuto wa takriban kilo 45 hadi 80, na mtu hafikii nguvu hiyo bila kukua na upinde mkononi. Malipo yake ni kwamba katika hatua 30, ambako ni thumni tu ya joto la mchawi inayofika, mpiga upinde bado yuko nyumbani kwake.

Linalonisumbua ni moto wa kambini. Kilo moja ya kuni kavu ina megajuli 15 hivi (kilojuli 15,000), zinazotosha kuchemsha zaidi ya lita 40, na mchawi akiruhusiwa kuvuta joto hilo atakuwa mzinga usioisha baruti. Kwa sasa nimeamua kwamba joto lazima lipite mwilini, na mwili ukizidi nyuzi 40 mchawi huanza kuweweseka, hivyo atajaza kidogo, atatoa, kisha atajaza tena, huku kila kujaza kukimgharimu zamu nzima ya mchezo. Jaribio linalofuata la dadu litampambanisha mchawi aliye kando ya moto, usiku, na wapiga upinde wawili walio gizani.