Nusu milimita kwenye moyo wa kijusi

Kipimo cha moyo wa kijusi kwa ultrasound (mashine ya mawimbi ya sauti) kikitofautiana na cha mara iliyopita, kabla ya kuulaumu moyo, uliza kilichukuliwaje. Vali ya aota (mlango wa mshipa mkuu utokao moyoni) wiki ya 20 ya ujauzito ina kipenyo cha takribani milimita 3, hivyo kukosea nusu milimita ni kukosea asilimia 17. Ukikadiria damu inayopita, kosa linavimba zaidi, kwa kuwa hesabu hutumia kipenyo kilichozidishwa chenyewe kwa chenyewe: ukiandika 3.5 badala ya 3, mtiririko unazidi kwa asilimia 36.

Makosa mengi huingia kabla hujaweka alama za kupimia. Kwenye picha ya vyumba vinne vya moyo, uone ubavu mmoja mzima kila upande. Vipande vingi vya mbavu maana yake umekata mshazari. Kuza picha kabla ya kuigandisha, mpaka moyo ujaze sehemu kubwa ya skrini. Mwangaza ukizidi, kuta hunenepa na tundu huonekana dogo. Kisha rudi nyuma fremu kwa fremu: ventrikali, vyumba vya chini vya moyo, hupimwa zikiwa zimejaa, vali zao za kuingizia damu zikiwa ndiyo kwanza zimefunga, vali ya aota hupimwa ikiwa wazi. Weka alama ukingo wa ndani hadi ukingo wa ndani.

Pima mapigo matatu tofauti, uchukue wastani. Kupima fremu ileile mara tatu kunaonyesha tu kwamba mkono wako hautetemeki.

Pembe nayo ina ukaidi wake. Kipenyo hutoka vizuri mawimbi yakigonga ukuta kwa pembe mraba, ilhali Dopla (kipimo cha kasi ya damu) hutaka mawimbi yaende sambamba na damu, kwa hiyo picha moja ni nadra kufaa kazi zote mbili. Kwenye Dopla, pembe ya nyuzi 20 isiyorekebishwa hupunguza kasi kwa asilimia 6 tu. Nyuzi 60 huikata nusu.

Mkilinganisha wapimaji wawili, msiridhike na uwiano mzuri, yaani vipimo vyao kupanda na kushuka pamoja: anayezidisha milimita 1 kila mara bado atapata uwiano kamili na mwenzake. Chukueni tofauti ya kila kijusi, mtafute wastani wake, kisha ongezeni na kupunguza mchepuko sanifu wa tofauti hizo (kadiri zinavyotawanyika) mara 1.96, mpate mipaka ya juu na ya chini. Mipaka hiyo ikizidi kiasi ambacho moyo hukua kati ya mahudhurio mawili, kipimo cha pili hakiwezi kuthibitisha kwamba umekua.