Matundu ya lubugo katika picha za Michael Armitage

Ukizitazama picha za Michael Armitage kwenye simu, utaona rangi na watu, lakini kitambaa chenyewe hutakiona. Hasara kubwa, maana kwangu mimi nguvu ya kazi zake iko kwenye kitambaa kuliko kwenye rangi.

Armitage alizaliwa Nairobi mwaka 1984 akasomea uchoraji London, lakini hachori kwenye turubai la kitani. Anachora kwa rangi ya mafuta juu ya lubugo, nguo ya Waganda inayotokana na gome la mti wa mutuba. Gome huchunwa wakati wa mvua, na shina lililoachwa uchi hufungwa majani ya mgomba ili liote gome jingine. Kisha gome hupondwa kwa nyundo za mti zenye mifuo, kwanza mipana, mwishoni myembamba, mpaka litanuke na kulainika. Kazi hiyo hufanyika bandani, kwa sababu jua likiwahi kulikausha, linapasuka. Palipokuwa na kovu hubaki tundu, nalo hushonwa.

Armitage hayafichi hayo. Mshono unakatiza mwili wa mtu, na tundu linamlazimisha msomaji wa picha kukumbuka kwamba anatazama ngozi ya mti. Kwenye *The Promised Land* (2019), inayohusu maandamano ya uchaguzi wa Kenya wa 2017, hilo linanigusa zaidi nikikumbuka kwamba lubugo ni sanda pia: Waganda huzikia wafu wao ndani yake. Kuna wakati waridi na zambarau zake zinanikinaisha, nakiri, lakini mikunjo ya gome huzipunguzia utamu.

Anayetaka kujaribu asipake rangi ya mafuta moja kwa moja. Mafuta yatapenya hadi nyuma, na kadiri miaka inavyopita nyuzi zitakuwa ngumu na kukatika. Ziba kwanza kwa gundi inayotokana na ngozi ya wanyama, sehemu 1 kwa maji sehemu 10 hadi 12. Iloweke mpaka ivimbe, kisha ipashe moto taratibu bila kuichemsha, maana ikichemka hudhoofika. Paka tabaka mbili nyembamba, ya kwanza ikauke kabisa. Usiivute lubugo kwenye fremu ikiwa imelowa chepechepe, itachanika pale ilipo nyembamba. Kwa picha kubwa, ibandike kwanza juu ya kitambaa cha pamba. Na msingi mweupe, yaani tabaka linalopakwa kabla ya rangi, usiwe mzito: ukijaza mifuo yote, ungeokoa fedha zako kwa kununua turubai la kawaida.

Ukibahatika kuiona kazi yake ana kwa ana, usiishie mbele yake. Sogea pembeni hadi taa ikwaruze uso wa picha kwa mshazari. Hapo ndipo mishono hujitokeza, na utajua ni wapi mchoraji alifuata gome na wapi alishindana nalo.