Siku yangu kwenye kliniki ya presha

Saa 11 alfajiri. Kengele ya simu inalia, na moyo unaenda mbio kabla sijafungua macho vizuri. Homoni ya kotisoli hupanda yenyewe katika dakika 30 hadi 45 za kwanza baada ya kuamka, ituondolee usingizi na kutupa nguvu. Ndiyo maana sisomi ujumbe wowote mpaka nimeswali na kufagia uwanja. Deni la kikoba ukilisoma saa hiyo, linakuwa deni mara mbili.

Saa 12:15. Daladala kutoka Mbagala, nimesimama. Msongo wangu hukaa kwenye taya na mabega. Nikihisi meno yamekazana, nayaachia.

Saa 2. Benchi limejaa. Mama mmoja anafika anahema: "Nesi mwanangu, nipime haraka, nimemwacha mjukuu kwa jirani."

"Shikamoo mama. Kaa kwanza, tafadhali."

Dakika tano za kutulia ni lazima: mgongo umeegemea, miguu yote imekanyaga chini, mkono usawa wa moyo, kimya. Hata kuongea tu hupandisha namba. Lakini mama ana yake ya kusema. Kijana amemaliza chuo, kazi hakuna, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Namsikiliza mpaka amalize, maana mtu mwenye jambo kooni hatulii kwa kuamriwa. Kipimo cha kwanza: 152 kwa 94.

Namwonyesha kupumua. Vuta kwa pua ukihesabu nne, toa polepole ukihesabu sita. Ni kama pumzi sita kwa dakika. Kutoa pumzi taratibu huipa nafasi neva ya vagasi, ile inayopunguza mapigo ya moyo. Tunapumua wote wawili. Kipimo cha pili: 140 kwa 88. Kodi yake iko palepale, na vidonge vyake ataendelea kuvimeza kama kawaida. Ila sasa anaweza kufikiri atakachomwambia mwenye nyumba, jambo ambalo nusu saa iliyopita lilimshinda.

Saa 7. Wali maharage, kisha nauzunguka mwarobaini wa uani bila simu mkononi. Kahawa ya mchana niliiacha. Hukaa mwilini saa nyingi na kuniharibia usingizi.

Saa 8. Kijana wa bodaboda: hajalala vizuri wiki tatu, hali chakula, hata mpira haumfurahishi tena. Huo si msongo wa kila siku. Kupumua peke yake hakumtoshi, nampeleka mwenyewe hadi mlango wa daktari wa afya ya akili.

Saa 10:30. Nakabidhi zamu.

Saa 1 usiku. Namenya mihogo huku nikiongea na dada kwa simu. Tunacheka sana, na mabega yanashuka bila kuambiwa.

Saa 3. Naandika kwenye daftari yote yanayozunguka kichwani. Nikishayaandika, sihitaji kuyakumbuka usiku kucha. Leo, ya kufanya kesho ni matatu: hisa ya kikoba, sare ya mtoto, fundi wa bomba. Fundi ndiye wa kwanza, kabla hajaondoka kwake.