Georgia: faini ya mwendo kasi haiishii mahakamani

Mtu akipewa tiketi ya barabarani hapa Georgia, Marekani, jambo la kwanza analouliza ni dola ngapi. Bora angeuliza pointi ngapi, yaani alama za makosa kwenye rekodi ya leseni, na kama kuna barua itakayofuata.

Barua hiyo ndiyo inayonasa wengi. Tangu Januari 1, 2010 jimbo lina sheria ya Super Speeder: ukitiwa hatiani kwa kwenda maili 85 kwa saa au zaidi kwenye barabara yoyote, au 75 kwenye barabara ya njia mbili tu, unadaiwa dola 200 juu ya faini ya mahakama. Maili 85 ni kama kilomita 137. Pesa hizo hazilipwi kwa hakimu. Idara ya leseni, DDS, hutuma bili kwa posta baada ya hukumu, nawe una siku 120. Zikipita, leseni inafungiwa, na kuifungua kunaongeza dola 50.

Mambo huharibika kwenye anwani. Bili inakwenda kule ulikowaandikia DDS kwamba unaishi. Watu wetu wa mji wa Clarkston huhama nyumba za kupanga mara kwa mara. Barua inabaki kwenye sanduku la zamani na mwenyewe anaendelea kuendesha bila wasiwasi. Siku akisimamishwa kwa taa iliyoungua tu, anakuta kosa limekuwa kuendesha huku leseni imefungiwa. Mara ya kwanza hilo ni jela siku 2 hadi miezi 12, na faini ya dola 500 hadi 1,000 inaweza kuongezwa. Sheria inakupa siku 60 kubadilisha anwani. Usizisubiri.

Jambo la pili: kulipa tiketi mtandaoni ni kukiri kosa. Kabla ya kubonyeza, piga hesabu ya pointi. Kuzidisha kikomo cha mwendo kwa chini ya maili 15 hakuna pointi. 15 hadi 18 ni 2, 19 hadi 23 ni 3, 24 hadi 33 ni 4, kuanzia 34 ni 6. Ukifikisha 15 ndani ya miezi 24, leseni inafungiwa. Tuseme ulikwenda 85 palipo na kikomo cha 65: ni pointi 3 pamoja na Super Speeder. Nenda mahakamani siku iliyoandikwa, umwombe mwendesha mashtaka ashushe kasi kwenye shtaka. Ikiandikwa 79, pointi hakuna na zile dola 200 hazipo. Halazimiki kukubali, ila kuomba hakugharimu kitu. Karibu kila kosa la barabarani hapa ni la jinai, hata kama dogo, kwa hiyo omba mkalimani mapema, hulipi wewe.

Kijana wa chini ya miaka 21 hana nafasi hiyo ya kulimbikiza. Kosa moja la pointi 4 linatosha kumfungia leseni.

Simu: tangu Julai 1, 2018 huruhusiwi kuishika wala kuiegemeza mwilini, hata kwenye taa nyekundu. Ramani inaruhusiwa, video hapana. Kosa la kwanza ni dola 50 na pointi 1, la pili 100 na 2, la tatu 150 na 3.

Basi la shule limepandishiwa adhabu. Kuanzia Julai 1, 2024 kulipita likiwa limesimama na taa zinawakawaka ni dola 1,000 kwenda juu, na pointi 6. Wanaotoka upande wa pili wanasamehewa tu pale barabara imegawanywa kwa ukuta, majani au udongo. Ile njia ya katikati ya kukatia kona haihesabiwi, na hapo ndipo wengi hukosea.

Wa malori wana hesabu yao. Kushika simu, au kuzidisha kikomo kwa maili 15 au zaidi, ni kosa zito kwenye CDL, leseni ya kuendesha malori: mawili ndani ya miaka 3 yanakuweka nje ya kazi siku 60, matatu siku 120. Na mahakama hairuhusiwi kulificha kosa lako lisiingie kwenye rekodi.