Watoto watatu, meza moja

Kila nikikutana na mzazi mwenzangu anayefikiria kuwafundisha watoto nyumbani, swali huwa lile lile: "Mama Neema, nyinyi mnatumia mtaala upi?" Jibu fupi sina. Neema ana miaka 12, Baraka 8, na Imani 5, na mtaala unaomfaa mmoja humchosha mwenzake na kumzidi wa tatu. Basi nimeona niandike, ili mnaouliza msome kwa utulivu.

Tunaishi Lancaster, Pennsylvania. Baba Neema yuko zamu ya usiku hospitali, na kwa miaka miwili alikuwa akifika nyumbani watoto wameshaondoka, nao wakirudi yeye yuko mlangoni anatoka. Hilo ndilo lililotusukuma, pamoja na Kiswahili kilichokuwa kinapotea midomoni mwao. Neema alikuwa anaelewa lakini anajibu kwa Kiingereza. Imani hata kuelewa alikuwa haelewi.

Mimi nimesoma Musoma. Muhtasari wa masomo ulitoka Dar es Salaam, mwalimu akaupokea, nasi tukaupokea kwa mwalimu. Sikumbuki mzazi hata mmoja aliyeulizwa anataka mwanawe asome nini. Hapa unaletewa katalogi nene, kuna mitaala ya kidini na isiyo ya kidini, ya vitabu na ya kompyuta, ya kila somo peke yake na ya sanduku zima la mwaka. Nilizipitia usiku kucha wiki nzima, na mwisho nikafanya walichofanya wengi kabla yangu: nikaagiza masanduku matatu, moja kwa kila mtoto, ya darasa lake kamili.

Kabla sijasema yaliyotokea, niweke la sheria, kwa sababu wengi huanzia kwenye vitabu wakati pa kuanzia ni hapo. Kila jimbo lina utaratibu wake, na wa Pennsylvania ni mzito kidogo. Mzazi anayefundisha awe amemaliza sekondari. Unapeleka hati ya kiapo kwa msimamizi wa shule wa wilaya, na ukishaanza unaipeleka kila mwaka kufikia Agosti 1, ikiwa na malengo ya kila somo. Unafundisha siku 180, au saa 900 kwa ngazi ya msingi na 990 kwa sekondari. Unatunza jalada lenye orodha ya vitabu mlivyosoma na sampuli za kazi za mtoto. Darasa la 3, la 5 na la 8 mtoto hufanya mtihani sanifu wa kusoma na hesabu. Mwisho wa mwaka mtathmini aliyehitimu anazungumza na mtoto na kupitia jalada, na barua yake inafika wilayani kufikia Juni 30. Katika masomo ya lazima imo historia ya Pennsylvania yenyewe, na imo pia hatari ya moto na namna ya kuuzuia. Masanduku yangu hayakuwa na hata ukurasa mmoja wa kuzuia moto. Lakini sheria hiyo haikuambii ununue mtaala wa nani, na umri wa lazima hapa unaanzia miaka 6, kwa hiyo Imani hakuwamo hata kwenye kiapo. Sanduku lake nililinunua kwa hofu yangu tu.

Kufikia Oktoba ya mwaka wa kwanza nilikuwa nimechoka hadi sauti imekauka. Neema alikuwa Roma ya kale, Baraka yuko na wahamiaji wa kwanza wa Marekani, Imani anajifunza kazi ya zimamoto na posta. Historia tatu, sayansi tatu, tahajia tatu, na mwalimu mmoja. Nikimaliza na Neema saa tano na nusu, ndipo nageukia upande wa pili. Siku moja nimegeuka nikamkuta Baraka amelala, shavu juu ya kitabu, penseli bado iko mkononi. Alikuwa ameningoja zaidi ya saa nzima na hakulalamika. Siku ile nilifunga vitabu vyote saa ile ile, nikamfunika kanga.

Jumapili nikamweleza mama mmoja mzee kanisani. Lancaster na Mara, mkoa wetu kule Tanzania, zina historia: wamisionari wa kanisa la Kimenoniti waliofika Shirati mwaka 1934 walitumwa kutoka huku, na ndiyo maana kanisani kwetu kuna wazungu wazee wanaosema Kiswahili cha ziwani. Mama huyu alikuwa muuguzi Shirati, na watoto wake wadogo aliwafundisha mezani kwake kabla hawajaenda bweni. Akanishika mkono akaniambia kwa Kiswahili, "Mwanangu, hesabu ni ngazi. Mengine ni sinia."

Nimeyazungusha maneno hayo kichwani tangu siku ile. Ngazi kila mtu anasimama kwenye kipandio chake, huwezi kumrusha. Sinia mnazunguka wote, mkubwa anamega tonge kubwa na mdogo tonge dogo, na wote wameshiba ugali ule ule. Masomo ya ngazi ni hesabu na kujifunza kusoma. Historia, jiografia, sayansi, Biblia, muziki, sanaa, na Kiswahili ni sinia. Fedha zangu nyingi nilikuwa nimezitupa kwenye kununulia kila mtoto sinia lake.

Kwenye ngazi msione aibu. Wachapishaji wengi wa hesabu huweka mtandaoni jaribio la kupima kiwango, bure. Neema kwa umri ni darasa la 7, lakini jaribio lilionyesha kugawanya sehemu kwa sehemu hakujui kabisa. Nilimpa kitabu cha nyuma, akalia. Nikamwonyesha kwamba kitabu hakina darasa, kina namba tu ya kiwango, na baada ya miezi mitano alikuwa amekimaliza. Yeye anatumia hesabu ya Saxon, ambayo kila siku inarudia mambo ya nyuma kidogo kidogo, na ndicho alichokikosa. Baraka ile ingemuua kwa kuchosha. Yeye tuko naye kwenye hesabu ya mtindo wa Singapore, unaoanza na vitu vya kushika, kisha michoro, kisha namba. Tunatumia maharage. Imani hana kitabu cha hesabu, anahesabu maharage ya kaka yake.

Kwa masomo ya sinia tunachagua mada moja kwa wiki kadhaa, naenda maktaba ya umma na kuazima vitabu vya ngazi tofauti juu ya mada hiyo hiyo. Nasoma kwa sauti, kisha kila mmoja ananisimulia alichosikia. Njia hii iliandikwa na mwalimu Mwingereza, Charlotte Mason, aliyefariki 1923, na kuna mitaala mingi iliyojengwa juu yake. Mimi nilipoisoma nilimkumbuka bibi. Paukwa! Pakawa! Na kesho yake jioni alikuwa anatuuliza sisi tumsimulie. Kwa hiyo kusimulia kwetu ni kwa Kiswahili, hata kama kitabu kilikuwa cha Kiingereza. Mwanzoni Neema aliweza sentensi mbili na kunyamaza. Sasa anafika robo saa, na akikosa neno anamuuliza baba yake ambaye ameamka anakunywa chai.

Oktoba hii mada yetu ilikuwa mwezi. Bibi yao wa Musoma akaombwa atupigie picha mwezi mwandamo jua likizama. Kule ikiwa saa moja jioni, huku ni saa sita mchana, kwa hiyo picha iliingia tukiwa mezani: mwezi umelala chali juu ya ziwa kama mtumbwi. Jioni tukatoka uani. Mwezi ni ule ule wa bibi, umechelewa saa saba tu, lakini huu wetu umesimama kwa ubavu. Imani akaichora yote miwili kwa krayoni ya njano. Baraka akaandika: "Mwezi wa bibi ni mtumbwi. Mwezi wetu umeanguka." Neema ilimchukua siku tatu, kwa chungwa na tochi, hadi akapata kwamba Musoma ipo karibu na ikweta, jua linashuka karibu wima na mwezi uko juu yake, unaangaziwa tumboni, lakini huku kwetu jua linazama kwa mshazari, mwanga unaupiga ubavuni.

Karatasi zote tatu ziko kwenye jalada. Ya Imani haitakiwi na wilaya. Nimeiweka hivyo hivyo, na nakala yake nimempelekea bibi.