Mkono wa Da Mkubwa

Maulidi ya Riyadha hapa Lamu yamekwisha, wageni wameshapanda mashua zao, binti yangu kapata ile nafasi ya ualimu Witu mliyomuombea, na imebainika kwamba Baba aliacha mtoto mwingine Faza, kule kisiwa cha Pate. Alhamdulillahi kwa yote. Ila kinachoninyima usingizi ni mkono wa Da Mkubwa juu ya mbuzi.

Alikuwa akikuna nazi za wali. Nikamuuliza, kwa sauti ya chini maana ndani kumejaa watu, "Yule mgeni aliyekaa ubavuni mwa Mama, wa nani?"

"Binti wa Baba, yule wa Faza. Kwani hukwambiwa?"

Akaendelea kukuna.

Nimeirudia mpaka imechakaa. Mkono haukusita. Mtu akiponyokwa na siri huinua macho, hujikwaruza kidole, huuma ulimi. Yeye alimaliza kizio, akachukua cha pili. Basi jibu lile alikuwa nalo siku nyingi, akingoja niulize. Au pengine kweli alidhani najua. Usiku naamini hili, asubuhi lile.

Niliwahi kuwasimulia hapa safari za Mama za Faza, kila mara anakwenda kuhani. Nilikua nikiamini watu wa Faza wanakufa sana. Analala huko, maana mashua ilikuwa ikingoja maji yajae ndipo ipite mlango wa bahari wa Mkanda, kesho yake anarudi bila lile furushi aliloondoka nalo. Na furushi akilifunga nani? Da Mkubwa. Mimi natumwa dukani. Sukari, kila furushi likifungwa, nyumba nzima haina sukari!

Dada mpya hanisumbui. Baba ni marehemu, hesabu yake iko kwa Mola. Kinachonichoma ni Mama na Da Mkubwa kuwa na chumba chao ndani ya nyumba yetu, nami napita mlangoni kila siku.

Kisha jana nikaitazama ile picha aliyopiga mwanangu barazani. Mgeni kageuka ubavu. Pua! Pua hii hii niliyotaniwa nayo shule nzima, ambayo Mama hana, Da Mkubwa hana, na ya Baba siikumbuki kwa kuwa alituacha ningali mdogo. Nikacheka peke yangu mpaka paka akakimbia. Namba yake nimeipata kwa shangazi. Tumeongea mambo ya watoto na bei ya samaki, mpaka salio likakatika, na Da Mkubwa hajui. Hajui hata chembe. Siku akiuliza, nitakuwa nakuna nazi.

Halafu kuna hili la maji. Tangu juzi mfereji unatoa chumvi, chai hainyweki. Visima vyetu viko Shela kwenye vilima vya mchanga, na majumba huko hayaishi kujengwa. Mlioko Langoni, yenu mmeyaonja? Nataka kujua kama ni mji mzima au ni tangi letu tu.