Picha za Karafuu Alizosomewa Mjomba

Msimu wa karafuu ulikuwa umepamba moto pale ushirika mmoja wa wakulima karibu na Wete, kisiwani Pemba, uliponipa kazi ya kuandika maandishi mbadala ya picha zote zilizokuwamo katika tovuti yao. Maandishi mbadala ni yale maneno mafupi yanayowekwa ndani ya msimbo wa ukurasa, katika sifa iitwayo alt, ili programu ya kusoma skrini iyatamke kwa mtu asiyeona, na ili yaonekane mahali pa picha pale mtandao unapokuwa dhaifu na picha ikakataa kufunguka. Fundi aliyeitengeneza tovuti ile hakuwa ameyaandika isipokuwa mahali pachache, na hapo palipoandikwa palikuwa na maneno yale yale, "picha ya karafuu", ukurasa baada ya ukurasa.

Niliamini wakati ule, na ninaamini hadi leo, kwamba kazi hii haifai kufanywa na mtu anayeona akiwa peke yake. Kwa hiyo nilichukua kompyuta yangu ya mkononi nikaenda nayo kwa mjomba wangu, mdogo wake mama, aliyelima, akachuma na kuanika karafuu tangu ujana wake hadi presha ya macho ilipomnyima kuona. Mjomba alikuwa tayari mzoefu wa NVDA, programu ya kusoma skrini inayotolewa bure, ambayo Mwaustralia asiyeona, Michael Curran, aliianza mwaka 2006, kisha akaiendeleza pamoja na James Teh, Mwaustralia mwenzake asiyeona. Nilimwamkia, akaitika, akavuta mkeka barazani.

"Haya mwanangu," alisema, "nipe hiyo tovuti yenu niisikilize, nawe ukae kimya."

Hata kabla hatujazifikia picha, tulikwama. Msimbo wa kurasa ulitangaza kwamba lugha ya tovuti ni Kiingereza, na programu ikatii: ikayasoma maneno ya Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, sauti zikavunjika vunjika hata jina la Chake Chake halikutambulikana. Niliirekebisha alama ya lugha ikawa "sw", na sauti ya eSpeak NG inayokuja pamoja na NVDA ikahamia Kiswahili. Ni sauti ya kimashine, kavu, lakini inafahamika. Ninalitaja jambo hili kwa sababu linatuhusu sisi hasa tunaoandika kwa Kiswahili: mtu anaweza kuandika maandishi mbadala mazuri kabisa, na msikilizaji asiambulie kitu, kwa sababu tu ya herufi mbili zilizokosewa mwanzoni mwa ukurasa.

Kisha mjomba akawa anabonyeza herufi G, ambayo katika NVDA humrusha mtu kutoka picha moja hadi nyingine. Katika mkusanyiko wa picha, ambako kila picha ilikuwa pia kiungo cha kufungulia picha kubwa zaidi na haikuwa na maelezo, programu ilisoma majina ya mafaili, yaani herufi na tarakimu zilizopangwa na kamera. Alipofika katika ukurasa unaofundisha madaraja ya karafuu, akasikia "picha ya karafuu", kisha "picha ya karafuu", kisha tena hiyo hiyo. Akaondoa mkono kwenye kompyuta.

"Karafuu nazijua tangu sijaota meno. Hii ni karafuu gani? Mbichi au kavu? Nzuri au iliyovunda? Kama ukurasa unafundisha kuzipambanua, basi mimi sijafundishwa kitu."

Nilikuwa nimekuja na miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa wavuti, WCAG, ambayo toleo lake la 2.0 lilitolewa na W3C, shirika la kimataifa linaloweka viwango vya wavuti, mwaka 2008, na ambayo kigezo chake cha kwanza kabisa, namba 1.1.1, kinataka picha iwe na maandishi yanayotimiza lengo lile lile linalotimizwa na picha. Nilikuwa nimekisoma kigezo hicho mara nyingi, lakini ni swali la mjomba lililonionesha uzito wa neno "lengo". Hakuuliza picha ina nini ndani yake. Aliuliza picha imewekwa pale ifanye kazi gani, na yeye asiyeiona anakosa nini.

Tulianza na picha ya kwanza ya ukurasa ule. Nilimsomea maelezo marefu: jamvi lililotandazwa uani, mwanamke aliyejifunga kanga nyekundu, minazi kwa nyuma, kivuli cha ukuta, na karafuu zenye rangi ya kahawia. Alinisikiliza mpaka mwisho kwa subira, kisha akaniuliza kama minazi ile ndiyo inayoonesha daraja. Tukaifuta minazi, tukaufuta ukuta, na neno "picha" pia tukalifuta, kwa sababu programu yenyewe huwa imekwisha kutangaza kwamba kinachofuata ni picha. Yakabaki haya: "Karafuu zilizokauka vizuri: rangi ya kahawia iliyokolea, vichwa vimeshikamana, na vikonyo vichache vimo kati yake." Ya pili ikawa: "Karafuu zilizorundikwa mbichi zikavunda: zimepauka, zimesinyaa, nyingi hazina vichwa." Mjomba aliyarudia maneno hayo polepole huku akisugua vidole, kama mtu anayepima karafuu kiganjani.

Picha ile ile ya jamvi ilikuwamo pia katika ukurasa wa mwanzo, na huko nilidhani ningenakili maneno yale yale, lakini mjomba alikataa. Katika ukurasa wa mwanzo hakuna anayefundishwa daraja. Pale picha inawatambulisha wanachama. Tuliandika: "Mwanachama akichambua karafuu uani, Wete." Tulibishana kidogo kama itajwe kwamba ni mwanamke. Mimi nilishikilia itajwe, kwa kuwa kazi ya kuchambua karafuu na kuzitenga na makonyo hufanywa kwa kiasi kikubwa na wanawake, na anayeona huliona hilo bila kuambiwa. Mjomba alifikiri, akakubali, na maneno yakawa "Mwanachama mwanamke akichambua karafuu". Rangi ya kanga tuliiacha.

Palikuwa pia na pambo la majani ya mkarafuu lililojirudia chini ya kila kichwa cha habari. Hilo tuliliwekea alt tupu, yaani alama mbili za nukuu zisizo na kitu ndani, na hapo programu hulipita kimya. Nembo ya ushirika, ambayo ukiibonyeza inakurudisha mwanzo, hatukueleza umbo lake. Tuliandika "Rudi mwanzo", maana hiyo ndiyo kazi yake. Mchoro wa mavuno ulitushughulisha zaidi. Mistari na nguzo zake haziwezi kubanwa katika sentensi moja, kwa hiyo tuliandika kwa ufupi mchoro unalinganisha nini, kisha takwimu zote nikazipanga katika jedwali chini yake, ambalo mjomba aliweza kulipitia kisanduku kwa kisanduku.

Jioni katibu wa ushirika alipita kuona kazi imefikia wapi. Alikuwa mtu wa heshima, na alikuja na pendekezo alilolipata kwa mtu wa matangazo: kila picha iandikwe "karafuu Pemba Zanzibar viungo bora bei nafuu", ili tovuti ipande katika injini za kutafutia. Mjomba hakubishana naye. Aliniomba niyaweke maneno hayo katika picha chache, akabonyeza G, akabonyeza tena, na tena, mpaka katibu mwenyewe akaomba yasimame. Hata hivyo aliuliza, kwa nia njema, ni wasioona wangapi wanaoifungua tovuti ile. Nilimkumbusha kwamba Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 9 kinaitaja intaneti kwa jina. Mjomba alikuwa na jibu la karibu zaidi.

"Mimi ni mwanachama wenu, mwanangu. Mkutano uliopita sikuja, kwa kuwa tangazo mliliweka kama picha. Siku, saa na mahali, vyote vimo ndani ya picha, na mashine yangu haikusema lolote."

Katibu aliomba radhi pale pale. Tukalifungua lile bango, na kila neno lililochorwa ndani yake nikaliandika kama maandishi ya kawaida katika ukurasa, ili lisomeke na kila mtu hata akiwa na simu ndogo.

Alipotaka kuondoka, mjomba akamzuia. Alikuwa amerudi kwenye ukurasa wa madaraja na kuisikiliza upya picha ya kwanza, ile iliyowekwa iwe mfano wa daraja la kwanza. "Huyu ameniandikia vikonyo vichache vimo kati yake," alisema. "Kama vimo, karafuu hizo hazijachambuliwa vizuri, na msiwafundishe watu kuwa hilo ndilo daraja la kwanza." Katibu akainama kwenye skrini, akaikuza picha, akakiri kwamba vikonyo vilikuwamo. Kamati nzima ilikuwa imeitazama picha hiyo na kuipitisha. Walipiga nyingine kwa karafuu zilizochambuliwa mara mbili, nami nikamsomea mjomba maelezo yake mapya kabla haijapandishwa.